Mashine ya Kusahau Hatuitaki

Kuna kitu kimoja hapa Nakivale kinachogawiwa bila foleni na bila kadi ya mgao, na kila mtu anakipata: neno "sahau". Mchungaji analisema Jumapili. Mzee wa mtaa analisema akisuluhisha ndoa. Mshauri nasaha analisema kwa upole huku ameshika kalamu. Mama analisema usiku akisikia mwanawe analia usingizini. Na ukibisha kidogo tu, unafungwa mdomo kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Methali hiyo naiheshimu, lakini inatumiwa vibaya. Ndwele ni ugonjwa. Kama majirani wawili wamegombana kwa sababu ya mbuzi aliyekula mihogo, kweli, yaliyopita si ndwele, wapeane mikono waendelee na kulima. Lakini mtu ambaye tangu atoke Masisi au Fizi hajalala usiku mmoja mzima, kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Utaganga vipi yajayo wakati mgonjwa unamwambia haumwi?

Mimi ni mfanyakazi wa vijana. Nilimaliza sekondari, sikuendelea, na sina cheti cha saikolojia. Nina vijana tu, kila siku kuanzia saa tisa mchana: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na Wasomali wachache waliojifunza Kiswahili humu humu kambini. Naandika kupinga neno "sahau", na nitalipinga kwa kutumia sinema ya mapenzi. Wazee wanaosema vijana wanaharibikia kwenye vibanda vya filamu wanivumilie mpaka mwisho.

Sinema inaitwa Eternal Sunshine of the Spotless Mind. Ilitoka mwaka 2004. Aliyeiongoza ni Mfaransa, Michel Gondry, na mwandishi wake mkuu ni Mmarekani Charlie Kaufman. Mwaka 2005 ilipata tuzo ya Oscar kwa uandishi wa hadithi yake. Wachezaji mnawajua. Mwanamume ni Jim Carrey, yule wa The Mask, ila humu hachekeshi sana. Mwanamke ni Kate Winslet, dada wa Titanic, na humu nywele zake zinabadilika rangi kila mara, leo bluu, kesho rangi ya chungwa. Kwenye vibanda vyetu sijawahi kuiona imeandikwa ubaoni. Haina bunduki wala kareti. Niliwaonyesha vijana kwa kompyuta na projekta ya kuazima, jioni mbili, nikiisimamisha kila baada ya dakika chache ili niwafafanulie kwa Kiswahili.

Hadithi ni hii. Joel na Clementine walipendana kama miaka miwili, wakachokana, wakatukanana, wakaachana. Joel anakwenda dukani anakofanya kazi Clementine, amebeba zawadi, anataka wapatane. Clementine anamtazama kama mteja yeyote. Hamjui kabisa. Baadaye rafiki zake Joel wanamwonyesha kadi ndogo waliyotumiwa. Inasema Clementine amemfuta Joel kichwani, na inawaomba wasimtajie tena habari za uhusiano ule. Kadi imetoka kwenye kampuni inayoitwa Lacuna. Msifikirie chombo cha anga wala maroboti. Ni ofisi ya kawaida, ina viti vya kusubiria na karani mezani, kama zahanati. Kwa hasira Joel naye anakwenda afutiwe Clementine.

Kazi inafanyika hivi. Unaleta kila kitu chenye alama ya huyo mtu: picha, barua, zawadi, kikombe. Unaonyeshwa kimoja kimoja huku mashine inachora ramani ya ubongo wako. Unarekodiwa kwenye kaseti ukieleza kwa nini unataka kusahau. Usiku unameza dawa, unalala nyumbani kwako, na mafundi wanakuja na kofia ya nyaya na kompyuta. Wanaanza na kumbukumbu za juzi na kurudi nyuma mpaka siku mlipokutana. Asubuhi unaamka hujui lolote. Joel alimuuliza daktari kama jambo hilo linaweza kudhuru ubongo, na daktari akamjibu kwamba kitaalamu, kazi yenyewe ndiyo kuudhuru ubongo, kiasi cha usiku mmoja wa kulewa sana. Angalau yule daktari alikuwa mkweli. Hapa kwetu anayekwambia sahau hasemi kwamba kuna kitu kinaharibika.

Kwa hiyo kumbukumbu za mwisho zinaondoka kwanza: ugomvi, matusi, mlango kubamizwa. Joel anafurahi, ziende. Lakini nyuma ya ugomvi kuna nini? Kuna usiku waliolala chali juu ya mto ulioganda kwa baridi, wakitazama nyota. Kuna siku Clementine alipomsimulia, wamejifunika blanketi, jinsi alivyojiona mbaya alipokuwa mtoto. Mashine haichagui. Inafuta hata hizo. Hapo Joel, akiwa usingizini, anaanza kuomba waache, angalau aachiwe hii moja. Hakuna anayemsikia. Mafundi wako pale pale chumbani kwake, lakini wanakunywa pombe yake na kurukaruka juu ya kitanda chake.

Hoja yangu ya kwanza iko hapo. Machungu na matamu havikuwekwa kwenye magunia mawili tofauti. Ukitaka kufuta usiku wa risasi lazima ufute na kijiji risasi zilipolia. Ufute ziwa, ufute ndizi za nyuma ya nyumba, ufute sauti ya bibi akiita kuku. Naona matokeo yake kila siku. Nina watoto waliozaliwa hapa Uganda ambao wakiulizwa kwenu ni wapi wanajibu jina la mtaa wa kambini. Wakimuuliza baba, baba anawaambia waachane na maneno hayo. Baba anadhani anawakinga na vita. Kumbe pamoja na vita amewanyima babu, mlima, jina la mto, na nyimbo za mavuno. Kijana huyo anakua na shimo, na shimo halikai tupu. Atakuja mtu na kulijaza kwa maneno yake: fulani ndiye adui yenu, kabila fulani ndilo lililowafukuza. Mtoto ambaye hakuambiwa kweli na mama yake ni rahisi sana kuambiwa uongo na mgeni.

Joel alipoona maombi hayasaidii, alifanya ujanja. Alimchukua Clementine akamficha kwenye kumbukumbu ambazo hazimhusu, mahali ambapo ramani ya mafundi haikufika: chini ya meza ya jikoni alipokuwa mtoto mdogo, na hata kwenye mambo ya aibu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Vijana wangu waliona hiyo ni sehemu ya ajabu zaidi ya sinema. Mimi niliwaambia siyo ajabu, mama zenu wanafanya hivyo kila siku. Yule aliyemwita binti yake jina la dada yake aliyebaki njiani, amemficha dada yake. Yule anayepika sombe kwa namna ya kwao tu, na kukasirika mtu akimfundisha namna nyingine, ameficha jiko zima la mama yake ndani ya ile sufuria. Watu wetu walishaikataa mashine zamani, ila wanaikataa kimyakimya, kwa sababu wamefundishwa kwamba kukumbuka ni utovu wa imani au ni ugonjwa.

Sasa nageukia ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma jarida hili. Msikasirike, someni.

Mkimbizi anaambiwa sahau na mtu mmoja, halafu anaambiwa kumbuka na mtu mwingine wa jengo la pili. Jumanne yuko kwenye kikao cha ushauri: usikae kwenye yaliyopita, tazama mbele. Alhamisi anaitwa kwenye mahojiano: anza mwanzo, tarehe ngapi, saa ngapi, walikuwa wangapi, walivaa nini. Akisema 2012 na faili la zamani linasema 2013, amekuwa mwongo, na safari ya nchi ya tatu inaingia mashakani. Huyu mtu afanye nini? Asahau kwa ajili ya Jumanne au akumbuke kwa ajili ya Alhamisi? Mnachomwambia hasa, hata kama hamkukusudia, ni kwamba kumbukumbu zake zina kazi zikiwa kwenye faili lenu, na zikiwa kichwani mwake ni takataka.

Kwenye sinema kuna fundi mmoja anaitwa Patrick. Huyu wakati wa kumfutia Clementine kumbukumbu alimpenda. Akaiba vile vitu ambavyo Joel aliviacha kwenye kampuni, barua na zawadi, akaanza kumtongoza Clementine kwa maneno ya Joel yaleyale. Clementine anasikia maneno matamu lakini moyo unakataa. Anahangaika, hajui kwa nini. Vijana walimchukia Patrick kuliko wote, wakamzomea kama kwenye mpira.

Patrick tunamjua. Anakuja na kamera au daftari, anakaa kwenye mkeka wa mama mmoja, anasikiliza hadithi yote, machozi yanamlenga, anaondoka. Hadithi inakwenda kuongea mahali pengine, kwa faida nyingine. Namjua mama ambaye picha yake ilichapishwa kwenye kipeperushi, na aliyemwonyesha ni jirani aliyekiokota, miaka miwili baadaye. Maneno yaliyo chini ya picha si yake. Alisema nini? Alisema, "Huyu ni mimi, lakini hii maneno si yangu." Sisemi kila anayeandika habari zetu ni Patrick. Nasema yule anayechukua hadithi bila kuirudisha kwa mwenyewe, hata kama ni kwa nia njema, anafanya kazi ya Patrick.

Lakini pia yupo Mary. Mary ni karani wa kampuni, binti mchangamfu, anampenda kimoyomoyo daktari mkuu. Usiku ule ule anagundua kwamba yeye mwenyewe alishawahi kuwa na uhusiano na huyo daktari, na alishafutwa, na ndiyo maana anampenda tena kana kwamba ni mara ya kwanza. Mary hakuandika barua ya malalamiko wala hakuomba kikao. Alibeba mafaili yote na kaseti zote za wateja, akazituma kwa posta, kila mtu na lake. Wafanyakazi wa kujitolea wa humu kambini, sisi ndio Mary. Sisi tunaandika majina, tunatafsiri mahojiano, tunapanga mafaili, na sisi wenyewe tuna faili mahali fulani ambalo hatujawahi kulisoma. Sisemi tuibe mafaili ya watu. Nasema tuache kuwa wa kwanza kuwaambia wenzetu wasahau, wakati tunajua uzito wa kilichoandikwa humo.

Najua majibu mtakayonipa. Niyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: hiyo ni sinema ya Wazungu walioachana, ina uhusiano gani na vita? Ni kweli, Joel hakukimbia risasi. Machungu yake ukiyaweka mizani moja na ya watu wa hapa, ni mepesi kama unyoya. Ndiyo maana naitumia. Kama mtu aliyeachwa na mpenzi tu, akiwa usingizini, anapigania kumbukumbu zake kwa meno na kucha, kwa nini tunadhani mtu aliyepoteza nchi atazitoa bure? Tena vijana wana haki ya kuzungumzia mapenzi. Mradi wa ushonaji wanao, wa sabuni wanao, lakini mioyo yao hakuna anayeuliza inaendeleaje.

Jibu la pili ni zito zaidi, na lilitoka kwa kijana wangu mwenyewe, si kwa mzee. Sinema ilipoisha alisema, "Hii mashine ingekuwa hapa, mimi ningelala pale mlangoni usiku kucha ili niwe wa kwanza." Hakuna aliyecheka. Namjua kijana huyo, najua kidogo ya aliyoyaona, na siwezi kumwambia anakosea kutamani. Mtu anayetamani kusahau hana dhambi.

Ila kutamani kusahau na kuamrishwa kusahau ni vitu viwili. Na kunyamaza nako ni kitu cha tatu. Mtu ana haki ya kunyamaza. Asiyetaka kusimulia asilazimishwe, awe mbele ya kamera au mbele ya kanisa. Ninachokataa ni amri, kwa sababu amri ya kusahau haiondoi kitu kichwani. Inaondoa tu ruhusa ya kukisema. Usiku kinarudi kilekile, ila sasa mwenye kukiona yuko peke yake.

Na sayansi inasemaje, maana sinema yenyewe ni ya sayansi ya kubuni? Mashine kama ya Lacuna haipo. Mwaka 2000 watafiti watatu wa New York, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa muda, na dawa ikiwekwa kwenye ubongo wakati huo, hofu inaweza kupungua. Angalieni vizuri: lazima kumbukumbu iamshwe kwanza. Hata kwa panya, mlango wa nafuu unapitia kwenye kukumbuka.

Sasa sikilizeni hili, ambalo nilipolisoma nilisimama kitini. Mwaka ule ule wa sinema, 2004, wanasaikolojia kutoka Ujerumani, Frank Neuner na wenzake, walitoa matokeo ya utafiti waliofanya humu humu Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Imvepi, na wakimbizi 43 wa Sudan wenye ugonjwa wa kiwewe. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mabaya na mazuri. La pili lilipata ushauri wa kawaida wa kutiwa moyo. La tatu lilipewa elimu tu kuhusu ugonjwa huo. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kundi la kusimulia waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 29. Kwenye ushauri wa kawaida, asilimia 79. Kwenye elimu tu, asilimia 80.

Utafiti wao mwingine, uliotoka mwaka 2008, ulifanyika hapa Nakivale kwetu, na wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa jamii ya wakimbizi waliopewa mafunzo. Waliozungumza nao walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu bila tiba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba jambo hili ni la Ulaya au linahitaji maprofesa. Limeshafanyika hapa, kwenye vumbi hili hili.

Njia yao ni rahisi kueleza. Unalaza kamba chini: hiyo ni maisha yako. Kila jambo zuri unaweka ua, kila jambo baya unaweka jiwe. Halafu unasimulia ukifuata kamba, ua kwa ua, jiwe kwa jiwe, na msikilizaji anaandika. Mwisho unasomewa, unasahihisha, na maandishi unapewa wewe. Linganisheni na Lacuna. Lacuna inachukua vitu vyako na kubaki navyo. Hii ya kamba inakurudishia. Wala haisemi jiwe si jiwe. Inakuonyesha tu kwamba kamba ni ndefu kuliko jiwe. Niongeze tahadhari: hii ni kazi ya waliofundishwa. Mtu asichukue kamba leo na kuanza kufukua vidonda vya majirani.

Nimeisifu sinema, sasa niiseme inaponikera. Mwishoni Joel na Clementine wamefutwa wote, wanakutana upya kwenye treni, wanapendana upya. Halafu zinafika kaseti za Mary. Wanasikiliza sauti zao wenyewe, kila mmoja akimponda mwenzake vibaya. Wanajua sasa walivyoumizana na wanavyoweza kuumizana tena. Wanakubali kujaribu tena. Wavulana wangu walipiga makofi: mapenzi yameshinda! Msichana mmoja akauliza, "Na kama alikuwa anampiga?"

Makofi yaliisha. Swali hilo ndilo sinema hailigusi, na ndilo sisi tunaishi nalo. Hapa kwetu mwanamke aliyepigwa anaitwa kwenye kikao cha wazee, mume anaomba radhi, na hukumu ni ile ile: sahauni, mwanzeni upya. Huo ni ufutaji bila mashine. Mwanamke anarudi nyumbani kana kwamba ni siku ya kwanza, na siku ya kwanza inaleta ya pili. Kumbukumbu ya kipigo ndiyo ngao pekee aliyokuwa nayo, na sisi tumemnyang'anya tukiita upatanisho.

Nilimjibu yule msichana hivi: tazama mpangilio. Joel na Clementine walisikia kaseti kwanza, ndipo wakakubali. Hakuna aliyewazimia redio. Anayetaka kurudiana arudi akiwa amesikia yote, na anayesikia yote akaona hapana, hapana yake iheshimiwe. Msamaha wa mtu anayekumbuka ni msamaha. Msamaha wa mtu aliyelazimishwa kusahau ni mtego.

Basi nataka nini? Nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Wachungaji, mashehe na wazee: ondoeni "sahau" kwenye vikao vya ndoa na kwenye misiba. Semeni "pole". Semeni "ukitaka kusema, nipo". Kama hataki, kaeni naye kimya, hiyo nayo ni kazi.

Wafanyakazi wa mashirika: mkichukua hadithi ya mtu, mrudishieni. Msomeeni kwa lugha yake kabla hamjaichapisha, mwacheni asahihishe, mpeni nakala. Na kwenye mahojiano, msichukue tarehe iliyoteleza kuwa ushahidi wa uongo. Kichwa kilichopitia moto hakitunzi kalenda.

Wazazi: waambieni watoto. Si lazima mwanze na usiku wa kukimbia. Anzeni na mto, jina la mlima, na kwa nini babu aliitwa vile. Mawe yatakuja yenyewe kwa umri wake, na yatakuta maua yameshawekwa.

Na nyie vijana wenzangu: mkitaka kutazama sinema za mapenzi, njooni, tutazitazama, tutabishana. Ukiulizwa yaliyokupata na hutaki kusema, nyamaza, hakuna atakayekudai. Lakini ukiambiwa sahau, una haki ya kusema hapana, hata kama anayekwambia ana kitambulisho shingoni, hata kama anakupenda.